Cherehani ya Shemeji

Sokoni walimwita Msumeno, kwa sababu kila aliyemlilia alijibiwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Alikusanya ushuru miaka thelathini na moja bila kula hata senti ya mtu, na kwa hilo tumsifu, maana ni wangapi wanaoweza kulisema? Tatizo lilikuwa mdomo wake.

Mwaka biashara zilipodorora, mjane wa mdogo wake, fundi wa nguo kwenye kibanda cha pembeni, alikuwa nyuma kwa ushuru wa miezi mitatu.

"Nivumilie mwezi mmoja tu, shemeji," alimwomba. "Shule zikifunguliwa nitashona sare, nitalipa zote."

"Hasara ya biashara ni ya mwenye biashara," Msumeno akamjibu mbele za watu. "Serikali si mama yako."

Akaibeba cherehani mwenyewe, akaiandika namba kwa chaki, akaipeleka ghala la manispaa. Baada ya wiki mbili ikapigwa mnada. Shemeji akaendelea kushona kwa mkono.

Miaka sita baadaye Msumeno akastaafu, akaweka kiinua mgongo chake chote kwenye benki moja ya watu binafsi iliyotoa riba kubwa kuliko benki zote. Binti yake alimwonya. Akamwambia mtoto hamfundishi baba hesabu. Benki ikaanguka. Basi ungemwona mzee wetu mbele ya wizara, jua la utosi, bango juu: SERIKALI ITULIPE! Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, wala hakukumbuka aliyowahi kuyasema.

Wenye akiba wakalipwa wote, kwa fedha za umma. Mwezi uliofuata ushuru wa vibanda ukapanda.

Mawazo yalikuwa yamemkondesha, suruali zikawa zinamdondoka, akampelekea shemeji azipunguze. Kibandani, risiti za ushuru zilikuwa zimechomekwa kwenye msumari ukutani, ile ya juu ikiwa na kiwango kipya. Msumeno aliisoma, na kwa mara ya kwanza akaionea aibu karatasi aliyoizoea maisha yake yote.

"Nasikia mmelipwa," shemeji alisema huku akiikunja suruali. "Nimefurahi, kweli tena. Uzee bila akiba ni mateso."

"Nikununulie cherehani," Msumeno akasema haraka. "Leo hii. Ya umeme."

"Ya nini tena? Macho yameisha kwa huku kushona kwa mkono. Siku hizi napunguza na kupandisha pindo tu, tena kwa kupapasa." Hakusema kwa hasira. "Mimi niliomba mwezi mmoja tu, shemeji."

Msumeno alitamani shemeji amtukane.

Shemeji akamnyooshea sindano na uzi. "Hebu nitungie."

Alijaribu mara ya kwanza, uzi ukapita pembeni. Mara ya pili, ya tatu, bado.

"Polepole tu," shemeji akasema. "Nakusubiri."