Mbwa wa Shemeji

Wateja walisema msusi huyu ana mkono mwepesi. Ukikaa kwenye kiti chake unaweza hata kusinzia, na usiku hulali kifudifudi kwa maumivu ya kichwa. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kati ya fundi simu na duka la madaftari: viti viwili, kioo kilichopasuka kwenye kona, beseni la kuoshea nywele, na redio iliyoshika stesheni moja ikang'ang'ania hiyohiyo. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, hakuwa na mume wala hakuwa na haraka ya kumtafuta. Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, alikwenda kwa dada yake.

Dada alimzidi kwa miaka mingi. Mama yao alipofariki, msusi alikuwa bado anasoma shule ya msingi, na dada, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameolewa, alimchukua akaenda naye kwa mumewe. Shemeji huyo, fundi bomba mwenye sauti ya kukwaruza, hakuuliza mtoto atakaa mpaka lini. Alimnunulia viatu vya shule. Alikwenda kugombana na mwalimu wa hesabu aliyemchapa bila kosa. Baadaye alimtafutia mahali pa kujifunza ususi. Alikufa ghafla akiwa kazini, chini ya sinki la watu, spana mkononi.

Msibani watu walijaa. Waliingia wakapita moja kwa moja hadi kwa mjane, wakamshika mikono, pole, pole sana. Msusi alikuwa jikoni. Alichemsha chai, akasuuza vikombe, akaazima viti kwa majirani. Kwa watu wengi yeye alikuwa shemeji tu wa marehemu, mtu wa kuulizwa sukari iko wapi. Hakulia. Alingoja machozi yaje, na yalipochelewa sana akaacha kuyangoja.

Marehemu aliacha mbwa. Siku alipomleta, akiwa kijibwa kilicholowa mvua, alimwambia mkewe, "Huyu mgeni tu, kesho anaondoka." Miaka ikapita na jina likawa hilohilo, Mgeni. "Mgeni amekula?" "Mgeni amelala wapi?" Kuna jirani aliyehamia karibu ambaye kwa muda mrefu aliamini nyumba ile haikauki wageni.

Miezi kadhaa baada ya maziko, dada alikubali kwa mara ya kwanza kusukwa.

"Nisuke twende kilioni," alisema. Ndiyo ile mistari ya chapuchapu ya kurudi nyuma, isiyo na mapambo.

"Dada, si tutafute mtindo mwingine?"

"Kwani huko kilioni tumesharudi?"

Wakacheka kidogo, puani. Dada akakaa chini kwenye zulia, msusi akakaa kwenye kochi nyuma yake, akaanza kugawanya nywele. Katikati ya kazi kitana kilimponyoka kikateleza chini ya kochi. Mgeni alikuwa amelala humo, kichwa chake kiko juu ya ndara za marehemu, kama alivyokuwa akilala tangu mwenyewe aondoke. Msusi alimjua mbwa huyo tangu angali kijibwa, alikuwa amemlisha kwa mkono wake. Akainama, akaingiza mkono bila kuangalia, akagusa ndara.

Mgeni hakubweka wala hakunguruma. Aling'ata, akashikilia, kisha akaachia.

Msusi naye hakupiga kelele. Aliutoa mkono akautazama. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimechanika mpaka karibu na kiganja. Lakini dada alisikia kishindo cha mbwa akitoka chini ya kochi, akageuka, akapiga magoti, akamkumbatia shingo.

"Mgeni! Nini, baba? Nani kakuudhi?"

Ndipo akaona damu kwenye sakafu.

"Mama yangu wee! Mdogo wangu, umeumia?"

"Kidogo."

"Hiyo si kidogo!"

Walikwenda kwenye bomba la jikoni, wakauosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, mpaka maji yakapoteza rangi.

"Kachanjwa huyu?" msusi aliuliza.

Dada akamwangalia mbwa, akaangalia mlango. "Mambo ya chanjo alikuwa anayajua mwenyewe."

Kwenye zahanati, muuguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliuosha mkono upya, akachoma sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa begani, nyingine akaizungusha kwenye kidonda.

"Mbwa wa nani?"

"Wa shemeji yangu."

"Mpigie basi, tumuulize habari za chanjo."

"Amefariki."

Muuguzi akaacha alichokuwa akifanya. "Oh. Pole sana."

Msusi aligeuka kuangalia nyuma, akidhani kuna mtu ameingia. Hapakuwa na mtu.

"Asante," akasema.

"Sasa nisikilize. Mbwa asiuawe. Watu wana haraka ya kushika rungu. Afungwe mahali, aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima, ujue hakukuambukiza. Na sindano zako zilizobaki usiruke hata moja." Akamgusa ncha ya kidole kwa ncha ya kalamu. "Unasikia?"

"Naona unanigusa."

"Sijakuuliza unaona. Unasikia?"

"Sisikii. Labda ni ganzi uliyonichoma."

"Sijakuchoma ganzi, mama." Muuguzi akaanza kufunga bendeji. "Mshipa wa fahamu umeguswa. Huenda hisia zikarudi. Huenda zisirudi zote."

Msusi akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Saluni ilifunguliwa siku iliyofuata. Hakuweza kusuka, ila alikaa hapo, akajibu salamu. Sasa pole zilimwagika. Fundi simu alikuja na pole, muuza madaftari akaja na pole na soda, wateja wakainua bendeji kana kwamba wanaweza kuona ndani yake. Mteja wake wa miaka mingi, mwalimu wa kike asiyepitwa na neno, alisimama mlangoni.

"Mbwa wa ndugu yako mwenyewe! Na dada akamkimbilia mbwa kwanza? Mbona huna hasira?"

"Naitafuta, mwalimu."

Alisema kweli. Alijaribu kuikumbuka ile picha, dada amepiga magoti, mikono shingoni mwa mbwa, na picha ikaja vizuri kabisa, na haikumfanya chochote.

Dada alikuwa hapokei simu kwa aibu. Kwa hiyo msusi akawa anapita kila jioni akishafunga saluni. Mgeni alikuwa amefungwa mnyororo uani. Ndugu hao wawili walizungumza kupitia dirisha la jikoni.

"Kala?"

"Kala."

"Maji kanywa?"

"Kanywa."

"Haya, dada."

Anaondoka. Mgeni alikuwa akimtingishia mkia kila mara, kwani kwake yeye jambo lile lilikuwa limeshapita.

Siku za kuangalia zilipoisha mbwa akiwa mzima, alikuja kaka yao, dereva wa lori, mtu anayependa mambo yakatwe yaishe. Alikuja na kamba na rafiki yake mmoja. Msusi aliwakuta uani. Dada alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa cha Mgeni kiko mapajani.

"Muuguzi alisema asiuawe, tukatii," kaka alisema. "Sasa hakuna kisingizio. Leo katafuna kidole, kesho atatafuna mtoto wa jirani, mtasema nini?"

"Mkimchukua," dada alisema, "nichukueni na mimi."

"Acha hizo." Kaka akamgeukia msusi. "Wewe ndiye uliyeng'atwa. Sema wewe. Neno moja tu, nimalize."

Wote wakamtazama, hata yule rafiki ambaye alikuwa akiangalia saa. Msusi alijipekua. Alitafuta hasira, akatafuta huruma, akatafuta angalau woga. Hakupata cha kushika. Aliona kamba tu, mpya, bado ina karatasi ya dukani.

"Mwacheni."

"Kwa nini?"

"Kaka, nimechoka. Achanjwe, geti liwekwe kitasa, wageni wakija afungwe. Mwacheni."

Kaka akatupa kamba chini. "Mbwa hana kichaa. Kichaa mnacho nyie wawili." Akaondoka na rafiki yake.

Dada alinyanyuka, akaushika mkono wenye bendeji kwa mikono yake yote miwili, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekilia hata siku ya maziko. "Umenisamehe," alikuwa akisema. "Umenisamehe, mdogo wangu."

Msusi hakuwa amesamehe, kwa kuwa hakuwa na shitaka. Lakini hilo lingehitaji maelezo marefu.

"Ndiyo, dada," akasema.

Sindano zikaisha, kidonda kikafunga. Mgeni alichanjwa, kitasa kikawekwa na kaka mwenyewe, akinung'unika mwanzo mpaka mwisho. Hisia zilirudi mpaka kiungo cha kati cha kidole zikaishia hapo. Mistari minene msusi anaiweza, polepole. Mistari myembamba amemwachia binti aliyemwajiri kwenye kiti cha pili. Wakati fulani alimmwagia mteja maji ya moto mno, kwa sababu aliyapima kwa kidole hicho, na mama wa watu akaruka na povu kichwani mpaka mlangoni. Siku hizi anapima kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu bado anakwenda. Dada hupika, yeye huosha vyombo, na maneno si mengi. Juzi dada alimwangalia akisugua sufuria, akauliza kama mkono bado unauma.

"Hauumi," alisema. "Haujawahi kuuma."

Dada alidhani anafarijiwa, akamshukuru.