Boma Nililonunua kwa Kijicho

Mwanangu, siku ambayo mdogo wangu Esta alipaua nyumba yake pale Makambako naikumbuka kuliko siku niliyoolewa. Mwinjilisti alikuja kuibariki, kwaya tukaimba, na mimi ndiye niliyeanzisha. Niliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama, huku macho yangu yakiwa juu ya mabati yake mekundu. Moyoni nilikuwa nasema: huyu nilimbeba mgongoni, nilimfuta kamasi, leo mimi napanga vyumba viwili na yeye ana sebule. Nakwambia wazi kwa sababu jana ulinipigia simu kuniambia umeona boma, nyumba isiyopauliwa, linauzwa Njombe mjini, na hata hujamaliza kulisifu ukamtaja mwenzako wa ofisini aliyehamia kwake mwezi uliopita. Mdudu huyo namjua. Alinitafuna mimi kabla hujazaliwa.

Kijicho hakina adabu, mwanangu. Esta akinikaribisha chai, naona ananionyesha vikombe. Akinifungia viazi vya kubeba nyumbani, naona ananipa sadaka. Akikaa kimya, naona anaringa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani wanamsema Esta.

Basi dalali mmoja akaniambia kuna boma linauzwa mtaa wa pili kutoka kwake. Kuta zimefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha, mwenyewe amekata tamaa, ameacha hadi matofali na kuondoka. Tulikwenda kuliona mwezi wa kumi, vumbi limefunika kila kitu, lakini nyuma ya lile boma majani yalikuwa mabichi kabisa. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilisema hapa pana rutuba, nitapanda kabichi.

Baba yako, unamjua kwa maneno yake machache, alisema, "Mama Neema, kwetu mtu hanunui ardhi bila kukaa na majirani. Tumwite shemeji Esta, yeye ndiye mwenyeji hapa."

"Esta asijue mpaka tupaue," nikamjibu. Nilitaka aamke asubuhi moja akute bati langu limesimama, tena la bluu.

Ili tulipate tuliuza shamba la mipaini ambalo babu yako alitupandia kule Matembwe tulipooana. Miti ilikuwa bado michanga, ya kusubiriwa. Babu alisema ile ndiyo ada yenu ya shule. Baba yako alisaini kwa mwenyekiti wa kijiji bila kunitazama, na mimi nilikuwa nawaza rangi ya bati.

Tukapaua, tukahamia. Nilimwalika Esta, akaja na kuku mkononi. Alitazama kuta, akatazama chini kwa muda, akanywa chai na kuaga mapema. Nilifurahi sana siku ile, maana nilijua limemuuma.

Mvua za Januari zilipokolea, maji hayakutoka juu. Yalipanda kutoka sakafuni, polepole, mpaka magodoro yakalowa na ukuta wa chumbani ukapasuka kutoka kwenye linta hadi chini. Esta alikuja na mumewe, matope hadi magotini, wakaanza kutubebea vitu.

"Kamwene, dada," alinisalimia, kisha akakaa juu ya ndoo. "Hapa mama mkwe wangu alikuwa na kinyungu chake, bustani ya kiangazi. Ni bondeni hapa. Mwenye boma alipoona maji, akaacha. Mtaa mzima unajua. Siku ile ya chai nilitaka kusema, nikaona umeshapaua. Kwa nini hukuniuliza?"

Uongo wote ulinikaukia kinywani. Nikamwambia, "Nilikuonea wivu, Esta. Tangu siku mlipobariki nyumba."

"Na mimi nilikuonea wewe," akasema. "Bati tumelipata, ila wanangu hawana hata mti mmoja. Kila nikipita Matembwe nilikuwa naitazama mipaini yenu, najisemea dada yangu keshamaliza."

Wakati huo mipaini ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Tuliishi kwa Esta hadi mvua zikakatika. Dada yako Neema alikaa nyumbani miaka miwili akisubiri ada ya sekondari. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Wala sikudanganyi kwamba kijicho kiliisha. Hata leo Esta akishona kitenge kipya kuna kitu kinanichoma hapa kifuani. Ila siku hizi namwambia, tunacheka, kinapoa.

Kununua boma si dhambi, mwanangu. Lakini kalitazame mvua zikinyesha, usilitazame kiangazi. Mtafute aliyeliacha, umuulize ni nini kilimfanya aweke mwiko wa fundi chini. Kaa na majirani, kuuliza si ujinga. Na kabla ya yote hayo, nenda kwa huyo mwenzako wa ofisini, uingie ndani kwake, umwambie kwa kinywa chako kwamba unamwonea wivu. Ukitoka hapo bado unalitaka boma, nunua, nami nitakuja kupika siku ya kuhamia. Ukitoka hapo hamu imekwisha, ujue hukuwa unatafuta nyumba.

Mungu akupe paa lisilovuja na sakafu kavu, akupe na mtu wa kumuuliza kabla hujasaini. Nenda kwa amani, mwanangu.