Bia Imeshanywewa Kabeza

Saa mbili na nusu asubuhi, Korola ya kijivu imeshauacha mzunguko wa Sonatubes, Kigali, na inapanda kuelekea mjini, ingawa safari yenyewe si ya mjini. Usumani Sangwa, dereva wa miaka sitini na mmoja, anatazama kioo cha nyuma kuliko anavyotazama barabara.

Nyuma ameketi Mukasine, mkazi wa mtaa wa Kabeza, amepakata themosi ya uji wa mtama. Binti yake Joselyne amejifungua siku sita zilizopita, na kwa desturi ya Rwanda mzazi hupelekewa uji na watu wa kwao. Ila Joselyne hayuko hospitali wala kwa mumewe. Yuko katika makazi ya wanawake na watoto waliokimbia vipigo, juu ya kilima huko mashambani, pembezoni mwa Kigali. Jina la kilima tunaliacha.

"Simu, mama," Usumani anasema, akinyoosha mkono bila kugeuka.

"Nimeizima."

"Hata iliyozimwa naitaka, isije ikafuatiliwa. Lete."

Analizungusha gari mtaa wa Kiyovu, kati ya majumba ya zamani yenye kuta ndefu. "Huku watu wa miguu ni wachache," anaeleza. "Anayekufuata utamwona tu." Mtaa wa kwanza, wa pili, hakuna mtu. Ndipo anashika njia yake.

Kazi hii anaifanya mwaka wa tisa sasa. Kabla yake alibeba vitambaa na mchele kutoka Dar es Salaam, kama baba yake, mfanyabiashara wa Nyamirambo. Kwa hesabu yake amekwishawapandisha kilimani wanawake mia moja na kumi na wawili. Watoto hakuwahesabu.

Usumani humwambia kila mwanamke aje mikono mitupu: kitambulisho na kadi ya chanjo ya mtoto tu. Kwa nini?

"Mke akitoka na mtoto mgongoni tu, mume anajua amekasirika, amekwenda kwa wazazi. Hana haraka. Atanunua kreti ya bia, aende kwa wakwe kuomba. Siku mbili hizo, sisi tumeshafika. Lakini akibeba godoro, anatafutwa siku hiyo hiyo."

Mpango huo una tundu moja, nalo ni hiyo bia. Wakwe wakiinywa, wamekubali kumrudisha binti.

Gari limeshaacha lami Mukasine anapotamka, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba Frederick, mume wa Joselyne, alifika kwao Jumapili.

"Na kreti?" anauliza Usumani.

"Na kreti."

"Mkaiweka."

"Mzee wangu aliinywa. Na wanangu wa kiume. Na mimi kidogo."

Usumani anasimamisha gari kando ya shamba la maharage. "Mama, umekuja kuleta uji au umekuja kumchukua?"

"Vyote viwili, kaka Usumani. Uji ni wangu. Kumchukua nimetumwa." Anaishika themosi kwa mikono miwili. "Ndivyo nyumba zinavyojengwa. Mimi mwenyewe nilirudishwa mara mbili."

"Dada yangu alirudishwa mara tatu," anasema Usumani. "Ya tatu niliendesha mimi. Baba akaniambia nipige honi tukifika, wajue tumemleta kwa heshima. Nikapiga."

Mwezi huo huo dada alipoteza jicho. Anaishi Rwamagana, na hadi leo hapandi gari la kaka yake.

Usumani anampigia Nyiraneza, muuguzi mstaafu aliyekulia Mbarara, Uganda, msimamizi wa makazi. Anatarajia kuambiwa ageuze. Anaambiwa: "Mlete. Joselyne ana mdomo, atajibu mwenyewe."

Makazi ni vyumba kumi, wanawake ishirini na watatu, watoto arobaini na mmoja. Uani wanamenya viazi. Joselyne anakunywa kikombe cha kwanza cha uji, anaongeza cha pili, na mama yake anapomaliza kueleza alichotumwa, anajifuta midomo.

"Bia ya Frederick nilikunywa mimi?"

"Hukunywa, mwanangu."

"Basi aliyekunywa ndiye aende akakae kwake. Baba anajua kupika?"

Mwanamke mmoja anaangusha kiazi kwa kucheka. "Na kaka zako wakachote maji!"

Mukasine anafunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Kwa kitambo mtu angedhani naye anacheka. Kisha Joselyne anauchukua mkono wake na kuuweka kwenye mbavu za kushoto, pale panapouma akipumua. "Hapa alinipiga mateke nikiwa na mimba ya miezi saba."

Mkono unabaki pale muda mrefu. Hatimaye Mukasine anamgeukia dereva.

"Kreti inarudishwaje?"

"Ikiwa imejaa, mama," anasema Usumani. "Na mchana, watu wakiona."

Jioni ile Mukasine alirudi Kabeza bila binti. Ilimchukua wiki mbili kumshawishi mumewe. Mzee alipeleka kreti iliyojaa kwa Frederick mbele ya majirani wawili. Frederick aliikataa, ikaachwa mlangoni. Kesi yake ya kumpiga mkewe iko mahakamani. Kaka zake Joselyne hawasemi na mama yao. Mtoto anaitwa Ihirwe, yaani bahati njema, jina alilopewa siku ya nane na watoto wa makazi, kwa kuwa hakukuwa na baba wa kulitamka. Joselyne bado yuko kilimani na mbavu zimepona.

Usumani ana mtoto wa jicho upande wa kulia na anataka kuacha usukani mwakani. Anamfundisha Pretty, msichana wa miaka ishirini na minne ambaye naye alipandishwa kilimani kwa Korola hiyo.

"Kuna wanawake wanaogopa hata kisogo changu," anasema. "Wakiona dereva ni mwanamke, watapanda haraka."

Pretty ameshafaulu mtihani wa maswali. Wa barabarani alishindwa mara moja. Ataurudia mwezi wa tisa.