Sufuria ya Pili ya Mama Zoraida

Jua halijavuka miti ya ng'ambo, na sufuria mbili ziko motoni katika jiko la meli Linda Azucena. Ya kwanza ina uji wa ndizi wa abiria. Ya pili ina maji matupu, na hakuna mwanamume humu ndani anayeuliza ni ya nini.

Zoraida Manuyama anayachota kwa kikombe, anajaza chupa za soda za kioo, kisha anazifunga kwa vitambaa vinene. Moja anampelekea mwuza vitunguu aliyejikunja kwenye bembea yake ya kulalia tangu tulipotoka Lagunas.

"Weka chini ya kitovu, dada. Ikipoa niletee."

"Na uji?"

"Uji utakufuata. Kwanza tumbo likae kitako."

Zoraida, mwenye miaka arobaini na saba, ni Mkukama, mtu wa kabila la kando ya mto Marañón hapa Peru, na mpishi wa meli hii. Mwenye meli anamlipa kupika, na malipo yenyewe ni ya kuonea haya hata kuyataja. Kazi hii ya pili hakuna anayemlipa.

Nyuma ya jiko, kati ya mikungu ya ndizi na chumba cha mashine, ametundika shuka nyeusi yenye maua. Kwenye pindo ameshonea risasi za nyavu za kuvulia ili upepo usiifunue. Nyuma ya shuka kuna ndoo yenye mfuniko, sabuni, kigoda, na pedi anazonunua mjini na kuziuza kwa bei ileile ya mjini. Asiye na hela anapewa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, kilichofuliwa na kukaushwa juu ya bomba la moto la mashine. Kwa unyevu wa mto huu, hakuna mahali pengine kitambaa kingekauka kabla ya kuoza.

Fundi wa mashine, Mzee Teobaldo, huvipita vitambaa hivyo kila siku. Ukimuuliza, anakuna shingo.

"Mimi ninachokijua ni mashine ikivuja mafuta. Mengine muulize mpishi."

Sasa tuseme wazi. Meli hii ina choo cha wanawake. Mlangoni pamechorwa mwanamke mwenye sketi. Juu ya sketi kuna kufuli, na nyuma ya kufuli kuna kreti za bia za mwenye meli. Choo kinachobaki ni cha wote, na mlango wake haufungiki mpaka uushike kwa mguu.

Siku padri alipoibariki meli, mwenye meli alisema mbele ya watu kwamba kreti zitatoka kesho yake. Alirudia mwaka wa mafuriko makubwa, alipokuwa akiomba kura. Wanaume wamesahau. Wanawake hawajasahau, maana kila mwezi wanakumbushwa.

Na kufuli ni nusu tu ya dhuluma. Nusu nyingine tumeibeba vichwani. Kwetu mwanamke aliye mwezini hapandi mtumbwi. Pomboo wekundu wa mtoni wananusa damu, wanatuambia, wanafuata chombo na kukipindua. Kwa hiyo wasichana wanajifunza mapema kufunga vitambaa viwili, kukaa bila kujigeuza, na kutokunywa maji safari nzima wasije wakalazimika kusimama. Wanafika wamekauka midomo, na tunawasifu kwamba wametulia.

Zoraida naye alikuwa ametulia siku ile. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyoka alikuwa amemuuma mama yake shambani kwenye mihogo, na mjomba akawapakia kwenye mtumbwi wa mashine kuelekea hospitali ya Nauta. Zoraida alikaa mbele, kichwa cha mama mapajani mwake.

"Alikuwa anaongea," anasimulia, huku anamenya ndizi bila kuziangalia. "Ananiambia nisisahau kuwapa kuku mahindi. Mimi nikahisi maji chini yangu. Nikajua mtumbwi unavuja. Kumbe ni mimi."

Mjomba akaiona damu kwenye ubao. Pomboo wakaibuka, kama wanavyoibuka kila siku ya Mungu mtoni hapa. Akageuza mtumbwi na kumshusha Zoraida kwenye gati la watu asiowajua, Puerto Achual.

"Aliniambia, 'Kesho nitakurudia.' Nikakitoa kichwa cha mama mapajani polepole, nikakiweka juu ya kamba. Sikuwa na kitu kingine cha kumwekea."

Mwanamke mmoja wa pale, ambaye hakumuuliza hata jina, alimchemshia maji na kumpa kitambaa. Mjomba hakurudi kesho yake. Aliporudi, mtumbwi ulikuwa mtupu; mama amekwishazikwa.

Puerto Achual bado ipo. Meli hupita mbele yake kila safari bila kusimama. Mara nyingi Zoraida amemwomba nahodha, Wilder Panduro, apaguse tu. Jibu ni lilelile: "Pale hapana mzigo, mama."

Uji unaisha kugawiwa na anga linaanza kuwaka joto. Ghafla Elmer, kibarua wa mizigo, anapaza sauti kutoka mbele akiwa bado na sahani mkononi.

"Nahodha! Pomboo! Wanatufuata tangu kwenye kona!"

Bembea zinaacha kuyumba. Mzee mmoja mwenye kapu la kuku anasema kwa sauti ya kusikika, "Kuna mtu humu yuko mwezini. Ajitaje mwenyewe tusitafutane."

Pembeni, msichana aliyevaa sketi ya shule amejifunika taulo miguuni. Ni Yulisa Tamani. Anakwenda mjini Iquitos kumwona mama yake, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mara ya mwisho alipomwona, Yulisa alikuwa hajaota meno ya mbele ya ukubwani. Babu yake, Segundo, anavua kofia.

"Ni mjukuu wangu," anasema, macho chini. "Ndiyo kwanza amevunja ungo, leo hii. Msituchukie. Tutashuka."

"Babu, mama ananingoja gatini!"

"Nyamaza, mwanangu. Watu wana watoto humu."

Wilder anazungusha usukani. Si mtu mbaya, na hapo ndipo penye uchungu: wanaotushusha vyomboni ni watu wazuri. Pua ya meli inaelekea ukingoni, kwenye ngazi za udongo na paa mbili za makuti. Gati la karibu ni Puerto Achual.

"Si ubaya, binti," anasema nahodha. "Kesho itapita meli nyingine."

"Kesho," anarudia Zoraida kutoka jikoni.

Anaweka upawa chini. Anapita kati ya bembea hadi mbele kabisa, mahali ambapo mwanamke mwenye damu hakai, na anakaa juu ya kamba.

"Wilder, umekula nini asubuhi?"

"Mama, niache nitie nanga."

"Umekula nini?"

"Uji."

"Wa nani?"

"Wako."

"Basi mimi niko mwezini tangu jana. Uji huo nimeukoroga hivihivi. Na kila mwezi, tangu unijue, nimekulisha hivihivi. Hii meli imepinduka lini?"

Elmer anaitazama sahani yake. Mwuza vitunguu anainua kichwa kutoka kwenye chupa yake ya moto.

"Vipi, Elmer, utatapika au nikuombee nyongeza?"

Kicheko cha kwanza kinatoka kwa wanawake.

"Ukimshusha mtoto, nishushe na mimi," anaendelea Zoraida. "Mchana mtapika wenyewe. Chumvi iko kwenye kopo la maziwa."

"Na mimi nishusheni!" anadakia bibi mmoja asiye na jino.

"Bibi, wewe una miaka themanini!" anasema Elmer.

"Nani amekutuma unihesabie?"

Sasa hata mwenye kuku anacheka, mkono mdomoni. Wilder hacheki. Anamtazama Yulisa, anayatazama maji, kisha anarudisha usukani katikati ya mto. Pomboo wanabaki kwenye mdomo wa kijito, walikojaa samaki, walikokuwa wakienda tangu mwanzo.

Zoraida anazitazama ngazi za udongo zikirudi nyuma. Miaka yote ameomba meli isimame pale, na leo yeye ndiye aliyeizuia. Anajifuta uso kwa aproni, anamshika Yulisa mkono, na kumpeleka nyuma ya shuka yenye maua.

"Kunywa maji," sauti yake inasikika. "Kunywa yote. Humu ndani hakuna anayekufa kiu."

Iquitos, gati limejaa watu na pikipiki za magurudumu matatu. Mwanamke mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi anapenya kati ya wachukuzi kwa viwiko. Yulisa anakimbia na kujitupa kifuani mwa mama yake. Zoraida hashuki. Anatazama kutoka dirisha la jiko.

"Amemshika kichwa," anasema. "Umeona? Amemshika kichwa."

Kufuli bado iko juu ya ile sketi iliyochorwa. Kreti za bia zinashushwa, na nyingine zinapandishwa, na kabla ya kuondoka gatini wanawake wanane wamekwenda kumtafuta mwenye meli ofisini kwake. Wameambiwa ametoka. Wamekaa mlangoni kumngoja.

Wilder anakuja jikoni kuomba kahawa. Anaizungusha kwenye kikombe muda mrefu.

"Tukipanda mto nitakuacha Puerto Achual, mama. Tukirudi nitakupandisha. Ila uwe na mzigo wowote ule, wasije wakasema nahodha amechanganyikiwa."

"Mzigo ni mimi."

Amekwishapanga. Shuka atamwachia mwuza vitunguu. Atakwenda na sufuria moja na vitambaa, amtafute mwanamke wa maji ya moto, au wanawe, au kaburi lake. Kisha atapanda meli palepale aliposhushwa, kama abiria, akae mbele juu ya kamba hadi Nauta.

"Nataka kuimaliza ile safari," anasema. "Kuna mtu nilikuwa nimemshika kichwa."