Makala ya Mkutubi, Jina la Bosi

Mkutubi wetu wa Kasulu hatunaye tena. Habari ilinikuta sokoni Kibondo nikichagua maharage, na ndugu yake aliyepiga simu alianza kwa kuuliza, "Umekaa?" Nilikuwa nimesimama, lakini swali hilo halina jibu jingine zaidi ya msiba. Kesho yake nikapanda gari, na mchana tulikuwa Heru Juu tunamzika. Wasifu wa marehemu ulisomwa na bosi wake wa zamani, bwana mwenye suti nzuri na sauti ya semina. Akasema marehemu alikuwa mchapakazi, mpenda vitabu, mtu wa watu, ameacha pengo lisilozibika. Hakusema kwamba marehemu alikuwa mwandishi. Sababu ya kutosema anaijua yeye, na kuanzia leo, wasomaji wangu, mtaijua na ninyi.

Niwaeleze kwanza kazi ya mtu huyu ilivyokuwa. Siku moja niko maktabani kwake najifanya nasoma, akaingia mama mmoja na jembe lake, akaliegemeza mlangoni kwa adabu, akasema, "Nataka kile kitabu cha mtu aliyenyang'anywa shamba na baba yake mdogo." Mkutubi aliyesoma vizuri angemuuliza jina la kitabu, na mama angechukua jembe lake akaenda zake. Huyu wetu akauliza, "Baba mdogo wa kuzaliwa tumbo moja na baba yako, au wa ukoo?" Mama akaitikia kwa ndiyo ya Kiha, "Tumbo moja, ego, ndiyo maana linauma." Basi wakahamia Kiha, wakaongea weee, mwishowe akamtolea kitabu cha sheria ya ardhi, akamfungulia ukurasa, akamsomea. Mama alipoondoka, yule bwana akavuta daftari akaandika swali lake lote kama lilivyoulizwa. Aliandika hivyo kwa miaka. Kutokana na maswali hayo akapanga rafu pembeni, akazibandika majina ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha: "Ndugu Wakigombana", "Mmea Ukiugua", "Barua kwa Serikali". Hata vitabu vya Kirundi vilivyobaki kwenye maboksi baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila kufungwa, alivipanga humo humo, na watu wakavisoma.

Akaona haya ni mambo ya kuandikiwa makala, wakutubi wengine wajifunze. Kosa lake la kwanza hilo! Alituma kwenye jarida la taaluma, lile linalolalamika kila toleo kwamba wakutubi walio kazini hawaandiki. Mhariri akajibu kwamba makala haina marejeo: haya yote nani kayasema? Mkutubi akajibu kwa heshima kwamba wameyasema wasomaji wake. Akaambiwa wasomaji si marejeo. Yaani mtu amechimba kisima kwa mikono yake, unamdai ushahidi wa mtu mwingine aliyekichimba kabla yake. Mwisho wa barua wakamshauri apitishe maandishi yake kwa mkuu wake wa kazi, ndio utaratibu.

Utaratibu! Kwetu barua ya kuomba likizo hupitia kwa mkubwa, ya kuomba fagio hupitia kwa mkubwa, na sasa hata mawazo. Akampelekea bosi. Bosi akaipenda sana makala ile, akaipenda kupita kiasi. Miezi ikapita, tukamsikia akiisoma kwenye semina Kibondo, kidole hewani, akieleza habari za rafu ambazo nina hakika hajawahi kuzifuta vumbi. Aliweka marejeo mengi, ya watu wasioijua hata njia ya kufika Kasulu. Jarida likaichapa harakaharaka. Jina juu, la bosi. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, shukrani kwa "mtunza maktaba wetu kwa msaada wa kuchapa". Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sidhani kama waliwahi kuajiriwa.

Sasa sikieni kioja. Jarida lilipofika maktabani Kasulu, nilimkuta marehemu mezani anaandika kadi ya ile makala, ya kuweka kwenye orodha. Mahali pa mwandishi ameandika jina la bosi, kwa mwandiko wake mzuri ule. Nikapiga kelele hapo hapo palipoandikwa "Kimya". "Bwana wee, umerogwa? Andika jina lako!" Akaniambia polepole, "Kadi hufuata kilichochapwa. Nikidanganya orodha mara moja, msomaji ataiamini vipi tena?" Nilimcheka, nikamwita bwege. Leo naona aibu. Katika mkasa mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyefuata taaluma ya ukutubi, na ndiye aliyeibiwa kwayo.

Simtaji bosi yule kwa jina, maana jina lake limeshapata nafasi ya kutosha. Wala hayuko peke yake. Tuna wataalamu wa maktaba ambao mara ya mwisho kurudisha kitabu rafuni ni walipokuwa wanafunzi, na ndio wanaotuandikia jinsi maktaba ziendeshwavyo. Wanaokaa na wasomaji kutwa nzima wanaambiwa wachape. Halafu tunauliza kwa nini hawaandiki!

Baada ya maziko, watu wakila, mjane aliniita ndani. Alikuwa na daftari la pili, nene kuliko la kwanza, ambalo marehemu aliendelea kuliandika mpaka alipolazwa. "Shemeji," akaniambia, "bosi wake ameniuliza hili daftari mara mbili tangu asubuhi. Nimemwambia nimemzika nalo." Marehemu asingethubutu kusema uongo wa namna ile, lakini mama huyu si mkutubi, na Mungu ambariki. Nikanyoosha mkono kulipokea. Akalivuta, akalikumbatia. "Ngoja. Na wewe kile kisa cha mama mwenye jembe ulishakiandika gazetini, ukasema umekiona mwenyewe, hukumtaja mume wangu. Alikikata akakihifadhi, akanisomea." Nilikiona kweli, msinielewe vibaya. Lakini macho yalikuwa yangu, kazi ilikuwa yake, na sifa mlinipa mimi nikazipokea.

Akanipa kalamu, akanivutia kigoda. "Andika jina lake. Kila ukurasa." Nikaandika, ukurasa kwa ukurasa, yeye kasimama juu ya kichwa changu, na nilipotaka kuruka kurasa mbili akaweka kidole. Huko nje bosi alikuwa akiuliza chumvi. Tulipomaliza ndipo akanikabidhi nikalipeleke kuchapwa, akaniambia atakuja Kibondo kulifuata.

Kwa hiyo ninyi wakutubi mlio kazini, mkiandika jambo, andikeni jina lenu kwanza, juu, kwa wino, kabla ya kichwa cha habari na kabla ya kumwonyesha mkubwa yeyote, na mtu wa gazeti msimwamini hata kidogo. La marehemu silitaji hapa kwa sababu mjane wake amekataa: amesema lichapwe kwanza juu ya maneno yake mwenyewe, si ndani ya yangu.