Katoni ya Chini

Kazi yangu katika klabu ya kulenga shabaha hapa Riyadh ni kuandika kile ambacho risasi imefanya, si kile ambacho muuzaji anasema itafanya. Mkufunzi hupiga, mimi huhesabu matundu, hupima kwa rula jinsi yalivyotawanyika, na huandika kila risasi iliyogoma kulipuka. Kazi hii ilinifaa tangu mwanzo, kwa kuwa nilisomea kemia chuoni, na kwa kuwa mimi si mwepesi wa kusahau.

Mwaka jana alikuja mfanyabiashara kutoka Jeddah aliyetaka kutuuzia risasi za bastola za aina mbili: za mazoezi, na za kujihami kwa ajili ya walinzi tunaowafunza. Nilimtambua kabla hajavua miwani ya jua. Miaka tisa kabla ya hapo alikuwa kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini kuingia nchini. Nilikuwa karani katika duka lake la vifaa vya uwindaji huko Ghulail, mtaa wa Jeddah, na pasipoti yangu ilikaa kwenye droo yake. Mama yangu alipofariki, nilimwomba ruhusa ya kusafiri. Alisema tunakagua bidhaa. Nisubiri wiki moja. Mama alizikwa Taveta siku ya nne. Niliyasikiliza mazishi yake kwenye simu, nikiwa nimesimama ghalani kati ya maboksi, orodha ya bidhaa mkononi.

Yeye hakunitambua. Aliniita dada, akanikabidhi maboksi mawili aliyokuja nayo mkononi, akasema hayo yanatosha kwa majaribio.

Karani mwingine angeyapokea. Mimi nililijua ghala lile, na anwani yake ilikuwa bado ile ile kwenye maboksi. Nilijua kwamba kiyoyozi chake kilizimwa kila Ijumaa, kwamba unyevu wa bahari ulipanda kutoka sakafuni, na kwamba katoni za chini ndizo zilizoharibika kwanza. Nikaagiza shehena yote aliyokuja nayo ishushwe garini, nikachagua, kwa kila aina, katoni iliyokuwa chini kabisa. Sikuvunja kanuni yoyote. Kanuni yetu inasema mwandishi huchagua mwenyewe katoni ya kujaribiwa. Ni kwa adabu tu kwamba huwa hatuitumii.

Risasi za mazoezi zilifanya vizuri. Matundu kumi yalikusanyika katika upana wa kiganja cha mtoto, nami nikaandika hivyo hivyo. Chuki yangu haikuhitaji uongo. Kisha mkufunzi akaanza za kujihami, na hapo kipimo hubadilika. Anayelenga karatasi, risasi ikigoma, huguna na kuiondoa. Anayeyatetea maisha yake hana nafasi ya kuguna. Kwa hiyo sisi huzipiga mia mbili mfululizo, na ikigoma hata moja tunazikataa. Nyingine hupigwa kwenye bonge la jeli, tuone kama kichwa cha risasi hupanuka na kubaki ndani, au hupenya na kwenda kumpata asiyehusika aliye nyuma.

Za kwanza zote zililipuka. Nilishangaa jinsi kila mlipuko safi ulivyoniuma. Mkufunzi, mwanamke wa hapa Riyadh mwenye mzaha mkavu, alisogeza kikinga masikio upande mmoja akaniambia kwamba leo ninahesabu kama malaika wa kaburini. Risasi ya sitini na tatu iligoma. Alisubiri kidogo, mdomo wa bastola ukielekea shabaha kama usalama unavyotaka, kisha akaitoa. Alama ya pini ya bastola ilikuwapo kwenye fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, na kuizunguka palikuwa na duara jembamba la kutu ya kijani. Ya themanini nayo ikagoma. Nilihisi furaha ikinipanda taratibu, kama joto la chai.

Mfanyabiashara alisema ni katoni moja tu iliyoharibika. Aliomba apewe wiki moja alete nyingine. Ombi hilo lilikuwa halali. Nimewahi kuwakubalia wauzaji wengine. Mkufunzi alinitazama, akasema uamuzi ni wangu.

“Dada, wiki moja ni nini?” aliniuliza mfanyabiashara, akitabasamu.

“Mama yangu alizikwa ndani ya wiki moja.”

Akaniuliza mama yangu ni nani. Hakuwa akijifanya. Nilikuwa nimembeba mtu huyu miaka tisa, kumbe yeye hakunibeba hata hadi mlangoni. Basi nikamweleza, kwa Kiarabu nilichojifunza dukani kwake: Ghulail, ghala, droo, siku ya nne. Tabasamu likamtoka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Mungu amrehemu marehemu, lakini mambo ya kazi yasichanganywe na mambo ya nyumbani.

“Sijachanganya,” nikamwambia. “Za mazoezi nimezipitisha. Hizi, halas, basi.”

Niliandika mbele yake kwamba za kujihami zimekataliwa na hazitajaribiwa tena mwaka huu, nikatia saini, nikampa nakala yake. Najua mwingine angempa ile wiki. Najua pia kwamba katoni ya pili huenda ingekuwa safi. Nimeyafikiri hayo mara nyingi ndani ya metro, nikirudi nyumbani Murabba, nikitafuta moyoni mwangu mahali panapoona haya, na mpaka leo sijapaona.