Viungo Vitolewe

Mama yangu alinifundisha kuunga mboga kabla sijajua kusoma. Nyumbani kwetu Chilangala, kuunga ni kutwanga korosho zilizobanguliwa mpaka zilainike, kuzikoroga kwa maji kidogo, kisha kuzimimina kwenye kisamvu kilichokwisha kuiva. Msimu wa karanga tuliunga kwa karanga. Nazi ilikuwa ya sikukuu, au mgeni akija. Mboga isiyotiwa kimojawapo kati ya hivyo tuliiita chukuchuku, na mama aliipika alipokuwa anaumwa au alipokuwa amemkasirikia baba.

Nilipoolewa Masasi, mama mkwe wangu, mtu wa Chiwata, aliniambia siku ya kwanza jikoni, “Hizo kunde ziunge, mwanangu.” Nikaomba kinu. Akanitazama kidogo, kisha akanipa vitunguu, nyanya na chupa ya mafuta. Kwake kuunga kulikuwa huko: kaanga vitunguu, ponda nyanya, geuzia kunde humo. Nikazoea. Sasa nauza chakula nje ya hospitali ya Mkomaindo, nawapikia watu wanaokuja kuwaona wagonjwa wao, na kila mmoja ana neno lake. Huyu anataka maharage ya nazi, yule ya kuunga, mwingine rosti, na dereva mmoja huniambia, “Nipe yale yaliyovaa nguo.” Na viungo, kwangu na kwa wateja wangu, ni iliki, mdalasini, pilipili manga, tangawizi. Neno hilo nilikuwa nalitamka kutwa nzima. Ndiyo maana bado naona aibu nikikumbuka yaliyonipata.

Mama alianguka shambani wakati wa kuokota korosho. Alikanyaga kisiki kilichofunikwa na majani, mguu ukapinda, mfupa wa kifundo ukavunjika. Hospitali ya Newala wakamfunga plasta ngumu kutoka unyayoni hadi chini ya goti. Wiki ya pili, vidole vilivyochungulia vikavimba na kubadilika rangi, ikabidi plasta ifunguliwe na kufungwa upya. Jirani mmoja akaja kumjulia hali, akakaa kitako na kusimulia habari za shemeji yake aliyekatwa mguu. Mama alinipigia simu kunieleza maneno hayo, akacheka, nami nikacheka, lakini hakuna kati yetu aliyefurahi.

Siku ya kutolewa plasta sikuweza kwenda. Nilikuwa nimeahidi chakula cha watu thelathini wa kikao fulani, na sufuria zilikuwa tayari motoni. Nikamwomba baba anipigie wakitoka tu kwa daktari. Saa nne asubuhi simu ikaita.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama. Tumeshamwona daktari.”

“Mguu vipi?”

“Picha ameitazama. Sasa amesema hivi, viungo vitolewe.”

“Viungo?”

“Vitolewe vyote. Kasema wazi kabisa, kama tunataka mama yako apone. Nikaona nikwambie wewe kwanza, maana wewe ndiye…”

Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena na tena, haipatikani.

Nilisimama na mwiko mkononi, pilau ikinukia mbele yangu, wala haikunijia kabisa kwamba neno hilo lilikuwa pale sufuriani. Nilichoona ni mguu wa mama. Kiungo ni mkono, kiungo ni mguu, shuleni tulifundishwa viungo vya mwili tukavishika kimoja kimoja huku tukiimba. Na baba, ambaye kwake Kiswahili ni cha hospitali na cha ofisini, maana nyumbani ni Chimakonde mwanzo mwisho, hangebuni neno kama hilo. Alikuwa amelileta kama alivyolisikia kwa daktari.

Nikamwachia wifi yangu sufuria zote, nikabadilisha khanga, nikaenda kutafuta gari la Newala. Gari lilipoanza kupanda mlima nilikuwa nimeshafika mbali kwa mawazo. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, kuna mteremko wa mchanga, atapitaje? Nani atamshawishi akae nje ya shamba? Nilifikiria viatu vyake vya kanisani, vile vyeusi, na hapo ndipo machozi yalipotoka. Halafu nikakumbuka baba alisema vyote. Vyote vipi? Mguu aliouvunja ulikuwa mmoja!

Hospitalini nilipita getini karibu nikimbie. Wazazi wangu walikuwa wamekaa kwenye benchi la barazani wakisubiri dawa, baba ameshika bahasha kubwa ya picha, mama anamenya chungwa. Nikatazama chini. Mguu ulikuwepo. Umekonda, ngozi imepauka na kubanduka kama ganda la kitunguu, lakini ulikuwepo, umevaa ndala.

Mama akaniona nalia. Chungwa likamdondoka.

“Nani kafa?” akauliza.

“Mguu wako, mama.”

“Mguu wangu si huu?”

Nikakaa chini sakafuni, palepale, nikaushika. Ulikuwa wa moto. Nikamwuliza baba kwa nini aliniambia viungo vitolewe.

“Ndivyo alivyosema daktari,” baba akajibu. “Dawa za maumivu zimemwumiza tumbo. Linamwaka tangu mwezi uliopita, alikuwa anakuficha. Daktari kasema pilipili basi, tangawizi basi, na zile pakiti zako za pilau basi. Nilitaka kukwambia wewe ndiye unayevileta hivyo viungo, usilete tena, simu ikaisha chaji.”

“Na mfupa?”

“Mfupa umeunga. Umeunga vizuri sana, angalia.” Akatoa ile picha nusu, akaigeuza juu chini.

“Baba, mbona hukuanza na hilo?”

“Nilianza na la kufanyiwa kazi. La mfupa limekwisha.” Kisha akanitazama vizuri. “Mimi nilisema viungo. Wewe ndiye uliyesikia miguu.”

Nilicheka mpaka mwanamke aliyekaa jirani akaanza kucheka naye, bila kujua sababu. Kifua kilifunguka. Nikampigia simu mume wangu, ambaye nilikuwa nimemwacha na habari mbaya, nikamweleza. Akasema, “Kumbe ni bizari!” Nikamsikia akimtangazia wifi.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, anafikiri jambo. Mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, kwamba mguu ameupata lakini mboga ameipoteza. Sikumwelewa. Akanieleza: kama viungo vimekatazwa, basi na kuunga kumekatazwa, maana utaungaje bila cha kuungia? Alikuwa ameshakubali kula chukuchuku maisha yake yote, na alikuwa amelibeba hilo kimya tangu atoke chumba cha daktari.

Nikamwinua, tukarudi taratibu hadi mlangoni kwa daktari. Alikuwa dada kijana, si mtu wa huku kwetu. Alipomwona mama akasimama.

“Shikamoo, mama. Mguu umeanza kuuma?”

“Marahaba, mwanangu. Mguu ni mzima. Nimekuja kwa habari ya mboga. Umesema mfupa umeunga, nimeshukuru. Sasa mboga nisiiunge kwa nini?”

Daktari akanitazama mimi, kisha akamrudia mama. “Unaiungia nini, mama?”

“Korosho. Karanga kama zipo. Nazi nikijaliwa.”

“Hizo sijazikataza. Nimesema viungo, yaani pilipili, tangawizi, pilipili manga, vitu vikali vya kuwasha.”

“Basi ungesema vya kuwasha.”

“Kweli, mama. Nimekosa.” Akachukua kadi, akaandika chini ya jina la dawa mpya, huku akisoma kwa sauti ili mama asikie: aunge mboga kwa korosho, isiwe na pilipili. Mama aliipokea kadi kwa mikono miwili.

Mchana huohuo tulifika Chilangala. Nilichuma kisamvu mwenyewe, mama akakaa kwenye kigoda ameunyosha mguu, akiniamuru: twanga zaidi, hiyo bado ina chenga; punguza moto; usifunike. Kwa mara ya kwanza tangu avunjike alikuwa mkali, nami nilimtii kama mtoto. Baba aliingia jikoni mara mbili kuuliza pilipili yake yeye itawekwa wapi, kwani yeye hakukatazwa. Tukamwekea pembeni, kwenye kisahani.

Mama alikula ugali wa muhogo na ile mboga hadi akapangusa bakuli kwa kidole. Akasema chumvi ilikuwa ndogo. Kisha akashika fimbo, akainuka bila kumwomba mtu mkono, akaenda kwa jirani, yule wa shemeji aliyekatwa mguu, kumwonyesha mguu wake.

Mimi nilijilaza mkekani barazani nipumzike kidogo kabla ya safari. Nilikuja kuamshwa na sauti ya kuku wakirudi bandani, na gari la mwisho la Masasi limeshaondoka.